Sura ya Nane: Goti la Mshambuliaji ni Siri ya Nani?

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2016, Liverpool ikiongoza mbele ya Everton uwanjani Anfield, beki Ramiro Funes Mori alimkanyaga Divock Origi kwenye kifundo cha mguu. Beki akala kadi nyekundu, Origi akatolewa kwa machela. Huku kwetu kusini mwa Nyanza watu waliumia naye. Origi ni mtoto wa Mike Okoth, aliyeichezea Harambee Stars, na mpwa wa Austin Oduor, nahodha aliyeinua Kombe la Mandela mwaka 1987 akiwa na Gor Mahia. Kifundo chake kilikuwa kifundo cha nyumbani.

Klabu haikutuacha gizani. Kocha alizungumza usiku uleule, kisha ikatangazwa kwamba kano za kifundo zimeumia na kijana atakaa nje. Kuanzia Oyugis hadi Isebania, wauza samaki, walimu na vijana wa boda boda walijadili kano hizo kana kwamba wamesomea udaktari. Kabla mwezi haujaisha, Origi alikuwa amerudi kikosini kwa fainali ya Europa League iliyochezwa Basel tarehe 18 Mei.

Sasa mgeukie shabiki huyohuyo, umuulize mshambuliaji wa timu ya kaunti yake ana nini kwenye goti. Timu hiyo hufanya mazoezi umbali wa kutembea kutoka kwake. Mchezaji hununua mkate kwenye duka analonunua yeye. Jibu utakalopata ni, "Wanasema anaendelea vizuri." Wanaosema ni nani? Daktari gani amempima? Atarudi lini? Hapo kila mtu ana yake. Mmoja amesikia amevunjika, mwingine amesikia amegoma kwa sababu ya mshahara, wa tatu anaapa kwamba amerogwa na timu pinzani.

Sura hii inahusu hasira ya shabiki huyo. Viongozi wa klabu hupenda kuiita kelele za watu wasiojua mpira, nami nasema ni hasira yenye hoja. Kuumia ni sehemu ya mchezo, na shabiki mwenye akili hamlaumu mwenyekiti kwa sababu beki ameteguka mguu. Lawama huanza kesho yake. Jeraha huja kwa bahati mbaya, lakini yanayofuata yote ni maamuzi: nani anampima, nani analipa, nani anasema ukweli, na nani ana mamlaka ya kusema mtu huyu hachezi Jumapili. Bahati mbaya haihojiwi. Uamuzi unahojiwa.

Njia ya goti

Tumfuate winga mmoja wa ligi za chini, yule ambaye kila mpenzi wa mpira wa Migori au Homa Bay ameshamwona chini ya majina mbalimbali. Anakimbilia mpira karibu na kibendera cha kona, uwanja una mabonde, mguu unabaki kwenye shimo huku mwili ukigeuka. Anashika goti. Mtu wa huduma ya kwanza, ambaye mara nyingi ndiye pia mtunza jezi, anakuja mbio na chupa ya maji baridi na dawa ya kupuliza. Uwanja unasubiri. Kocha anauliza kutoka pembeni, "Unaweza?" Kijana ambaye posho yake inategemea kucheza atajibu nini? Anasimama, anachechemea dakika tano, anaanguka tena.

Wenzake wanampakia kwenye boda boda na kumpeleka hospitali ya kaunti. Anapigwa picha ya eksirei. Mfupa mzima. Kiongozi aliyemsindikiza anarudi na habari njema kwamba hajavunjika. Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa, kwa sababu eksirei huonyesha mfupa. Haionyeshi kano wala gegedu. Mtu anaweza kuwa amekata kano ya mbele ya goti, ile ambayo madaktari huifupisha ACL, na picha yake ikatoka safi kabisa. Kuliona jeraha hilo vizuri kunahitaji mikono ya daktari anayejua kulipima goti, na mara nyingi kipimo cha MRI, ambacho kwa mchezaji wa kwetu kwa kawaida humaanisha nauli ya kwenda mji mwingine na maelfu ya shilingi. Upasuaji, ukihitajika, ni hesabu ya malaki.

Basi anapelekwa kwa mzee wa kukanda. Goti linakandwa kwa mafuta ya moto, uvimbe unapungua baada ya wiki mbili, na uvimbe ukipungua kila mtu anadhani ugonjwa umepona. Wiki ya tatu kuna debi. Mwenyekiti anawaambia watu kijana yuko fiti asilimia tisini. Anaingizwa kipindi cha pili, na hakuna anayemgusa safari hii. Anageuka tu, goti linaachia. Sasa si kano pekee, na gegedu nalo limechanika. Ana miaka 22 na hatacheza tena mpira wa kulipwa.

Katika njia hii yote sikumwona mtu mbaya. Mtunza jezi alifanya alichojua. Kiongozi alifurahi kwa dhati kusikia mfupa ni mzima. Mzee wa kukanda alikanda kama alivyofundishwa. Ndiyo maana hasira ya shabiki haipaswi kumtafuta mchawi mmoja. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye ujuzi na mamlaka, ambaye kazi yake ingekuwa kusema hapana.

Kuhusu mchawi, tuseme ukweli. Tunatoka katika nchi ya Gor Mahia mwenyewe, yule mtu wa Kanyamwa, Ndhiwa, ambaye sifa za dawa na miujiza yake zilikuwa kubwa kiasi kwamba Luo Union na Luo Stars zilipoungana tarehe 17 Februari 1968, klabu mpya ilibeba jina lake. Hadithi zake ni urithi wetu na sina ugomvi nazo. Lakini uchawi umekuwa kimbilio zuri sana kwa uongozi mbovu. Mchezaji akichanika msuli wa nyuma ya paja mara tatu katika msimu mmoja, mtaani inasemwa amefungwa. Tafiti za tiba ya michezo zina maelezo mafupi zaidi: miongoni mwa mambo yanayotabiri vizuri zaidi kuchanika kwa msuli huo ni kuwahi kuchanika. Aliyerudishwa mapema mara ya kwanza ameandaliwa kwa ya pili. Kila tunaposema amerogwa, tunamwondolea lawama aliyeandika jina lake kwenye orodha ya kikosi.

Pesa hukatwa wapi kwanza

Awendo inajua utamu wa ubingwa. Mwaka 2006 SoNy Sugar, timu ya kampuni ya sukari ya South Nyanza, ilitwaa Ligi Kuu ya Kenya. Haikuwa timu ya Nairobi wala ya Mombasa. Ilikuwa timu ya mji wa miwa, ikitumia uwanja wa Green Stadium, na ikaenda kuwakilisha nchi katika michuano ya Afrika. Kwa shabiki wa Migori mwaka ule ulithibitisha kwamba mpira mkubwa unaweza kuishi mashambani.

Miaka 13 baadaye timu hiyohiyo iliondolewa katika Ligi Kuu kwa kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Haikufungwa uwanjani. Haikutokea. Kampuni mama ilikuwa kwenye matatizo ya muda mrefu ya sekta ya sukari. Juu ya hayo, Agosti 2019 SportPesa ilifuta udhamini wake wote wa michezo Kenya baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi. Ligi ikabaki bila mdhamini mkuu, na klabu ambazo tayari zilikuwa zikichechemea zikalala chini.

Wachambuzi waliandika kuhusu mishahara na nauli, na walikuwa sahihi. Lakini klabu haifiki siku ya kukosa nauli kwa hatua moja. Kuna ngazi za kushuka, na ya kwanza kabisa ni matibabu. Mshahara ukichelewa, wachezaji wote 25 wanalalamika kwa pamoja. Basi lisipokuja, mechi haichezwi na magazeti yanaandika. Goti la mtu mmoja lisipotibiwa, anayejua ni mwenye goti. Kwa mweka hazina anayetafuta pa kukata, hapo ndipo penye kelele ndogo zaidi. Klabu inapofutwa, mchezaji aliyekuwa akisubiri upasuaji hana hata ofisi ya kwenda kudai.

Na hapa kuna jambo ambalo wakazi wa Awendo wangelielewa kuliko wengi. Trekta la kubeba miwa likivunjika ekseli, hakuna meneja anayeamuru liendelee kuvuta mpaka mavuno yaishe. Linaingizwa gereji siku hiyohiyo, kwa sababu kila mtu anajua gharama ya kununua jingine. Mchezaji hapewi heshima hiyo kwa sababu mbadala wake anaonekana wa bure: kuna kijana mwingine wa shule anayesubiri nje ya uwanja na viatu vyake begani.

Sheria iliyolala

Viongozi wengi watakwambia hawana pesa, na wengi wao wanasema kweli. Lakini swali la pesa lina majibu ambayo hayajaguswa, kwa sababu sheria ya Kenya haikuanza jana.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ilipitishwa mwaka 2007. Ilipigwa vita mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha tarehe 3 Desemba 2019. Inamtaka mwajiri awakatie bima waajiriwa wake. Ajali ya kazini inapotokea, mwajiri anatakiwa kuripoti, gharama za matibabu zinahesabiwa, na asiyeweza kufanya kazi kwa muda anastahili malipo kwa kipindi kinachoweza kufika miezi 12. Mwajiriwa ni mtu mwenye mkataba wa kazi na ujira. Mchezaji aliyesaini mkataba na klabu, anayelipwa kwa mwezi, anayepangiwa saa za mazoezi na kukatwa pesa akichelewa, ni nani kama si mwajiriwa?

Kanuni za FIFA nazo zinambana mwajiri. Mkataba wa mchezaji unavunjwa kwa sababu halali au kwa makubaliano, na vyombo vya usuluhishi vya mpira vimeshikilia mara nyingi kwamba kuumia si sababu halali ya kumfukuza. Asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, kuipa siku 15, kisha akaondoka na madai yake mkononi. Masharti ya leseni za klabu ya CAF yanataka timu iwe na daktari na mtaalamu wa tiba ya viungo. Yote hayo yapo kwenye karatasi.

Kwa nini hayafiki uwanjani? Kwa sababu mikataba mingi ya ngazi za chini ni ya mdomo, au ya msimu mmoja, au ni karatasi ambayo mchezaji hakuachiwa nakala yake. Bila karatasi ni vigumu mchezaji kuthibitisha kwamba ni mwajiriwa, na asiyethibitisha hapati bima. Hapo ndipo mchango wa simu unapoingia. Namba inatumwa kwenye makundi ya mashabiki, shilingi hamsini hamsini na mia mia zinakusanywa, na mtu anapelekwa hospitali. Mashabiki wa Nyanza wana mkono mwepesi kwa jambo hili na ninajivunia hilo. Lakini mchango ule ni bima ambayo mwajiri alitakiwa kuilipia, nasi tunailipa baada ya kuwa tumeshanunua tiketi.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Wapo viongozi wanaodhani jambo limekwisha: kijana ajisajili, serikali itamtibu. Kujisajili ni vizuri, na kila mchezaji afanye hivyo leo. Hata hivyo bima ya afya ya raia ni kitu kimoja na wajibu wa mwajiri kwa jeraha la kazini ni kingine. SHA hailipi mshahara wa miezi tisa ambayo mshambuliaji atakuwa akijifunza upya kukunja goti.

Somo kutoka mchezo wa wengine

Marekani wana mchezo wa besiboli, ambao kwetu wengi huuona kwenye filamu tu. Mtu mmoja anarusha mpira kwa nguvu, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Kurusha hivyo mara mia kwa siku huumaliza mkono. Mwaka 1974 mrushaji wa Los Angeles Dodgers, Tommy John, alikatika kano ya kiwiko cha mkono wa kushoto, na kazi yake ilionekana imekwisha. Daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia akaipandikiza kushoto. Tommy John alikaa nje msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, na baada ya hapo akashinda mechi nyingine 164. Hadi leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake.

Kinachonivutia zaidi kuliko upasuaji ni utaratibu wa ligi yao. Wana orodha rasmi ya majeruhi. Timu ikitaka kujaza nafasi ya mchezaji aliyeumia, lazima imwandikishe kwenye orodha hiyo hadharani, ikitaja jeraha, na akishaandikwa hawezi kucheza kabla ya muda uliowekwa kwisha: siku 10 kwa wachezaji wa kawaida, siku 15 kwa warushaji, na orodha ya siku 60 kwa majeraha mazito. Tangu 2011 kuna ya siku 7 kwa aliyetikisika ubongo. Akiwa kwenye orodha, mshahara wake unaendelea. Orodha hiyo haimtibu mtu, lakini kocha hawezi tena kumwambia aliyeumia Jumatano kwamba Jumapili anamhitaji, na mwenyekiti hawezi kubuni asilimia.

Mchezo huohuo unatupa pia somo linalouma upande wetu. Mwaka 2012 Washington Nationals walikuwa na kijana Stephen Strasburg, mrushaji hatari, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji uleule wa kiwiko miaka miwili kabla. Timu iliamua mapema kwamba mkono wake hautatumika zaidi ya kiasi fulani mwaka ule. Septemba ilipofika, Nationals wakiongoza kundi lao na hatua ya mtoano ikikaribia, wakamsimamisha. Mashabiki na wachambuzi waliwaka. Timu ikatolewa na St. Louis Cardinals katika mechi ya tano, na maneno yakazidi: mmetupa ubingwa kwa kulinda kiwiko.

Mwaka 2019 Strasburg akawa mchezaji bora wa fainali, Nationals wakatwaa taji. Ukiishia hapo, uongozi ulishinda hoja. Lakini alisaini mkataba wa dola milioni 245 kwa miaka saba, akaumia tena, na hakucheza zaidi ya mechi nane katika miaka yote iliyofuata kabla ya kustaafu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kwamba tahadhari ya 2012 ilimwokoa, wala kwamba haikumsaidia. Kinachobaki ni kwamba uongozi ulieleza sababu yake kabla ya wakati, ukaisimamia, na ukakubali kutukanwa kwa ajili yake. Shabiki alikasirishwa na uamuzi anaoujua. Sisi tunakasirishwa na uvumi.

Na somo linalouma ni hili: shabiki si malaika. Tunaodai leo kwamba kijana alirudishwa mapema ndio tulioimba jina lake dakika ya sitini tukitaka aingizwe. Tunamwita mvivu anayechelewa kupona. Mchezaji anasikia. Kocha aliyepewa mechi tatu za kuokoa kazi yake anasikia pia. Ndiyo sababu kauli ya nani acheze na nani asicheze kwa ajili ya afya haifai kuwa ya kocha, ya mwenyekiti, ya mchezaji wala ya jukwaa.

Hata klabu tajiri hujikwaa hapo. Tarehe 8 Agosti 2015 Chelsea ilikuwa na wachezaji kumi uwanjani dhidi ya Swansea, mechi ikiwa sare. Eden Hazard akaanguka, mwamuzi akawaita watabibu, na daktari Eva Carneiro akaingia. Kwa kuwa aliyetibiwa lazima atoke nje kwanza, timu ikabaki na tisa. Kocha José Mourinho alimshambulia hadharani kana kwamba kosa lilikuwa kumtibu mgonjwa. Carneiro aliondoka, akashtaki, na Juni 2016 klabu ilimaliza kesi kwa makubaliano na kumwomba radhi bila masharti. Ikiwa daktari wa Chelsea anaweza kupondwa kwa kufanya kazi yake, mtunza jezi wetu mwenye chupa ya maji atamwambia nini kocha?

Kisichogharimu kitu

Nimewahi kusikia hoja kwamba mambo haya yote ni ya Ulaya, kwamba sisi tusubiri tutajirike. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kinga ya majeraha ingekuwa mashine. Sehemu kubwa yake ni dakika 20 kabla ya mazoezi.

FIFA ina mpango wa kupasha mwili uitwao 11+: kukimbia kwa mpangilio, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha mapaja na tumbo, kuruka na kutua goti likiwa limelingana na kidole bila kulegea ndani. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Mpango huo ulijaribiwa Lagos, Nigeria, kwa vijana wa timu za ligi, kundi moja likiufuata na jingine likiendelea na mazoea yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliofuata mpango walipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Hao si watoto wa akademia ya Ujerumani. Ni vijana wa Afrika Magharibi, kwenye viwanja wanavyovijua.

Kwa msuli wa nyuma ya paja kuna zoezi moja la Nordic: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, naye anajiachia mbele polepole akijizuia kwa nguvu ya mapaja. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba timu zinazolifanya hupunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Bei yake ni mwenzako wa kukushika miguu.

Kwa kano ya mbele ya goti, kinga ya pili ni subira. Utafiti uliofanywa Delaware na Oslo, uliochapishwa 2016, ulifuatilia waliofanyiwa upasuaji huo na kuona kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza kiwango cha kuumia upya kwa takriban nusu. Miezi tisa ni mirefu kwa timu inayopigania kupanda daraja. Lakini ni mifupi ukilinganisha na maisha ya mtu aliyestaafu kwa lazima akiwa na miaka 22.

Liko pia jambo ambalo linahusu uongozi moja kwa moja. Profesa Jan Ekstrand wa Uswidi amefuatilia majeraha ya klabu kubwa za Ulaya tangu 2001. Mwaka 2019 kundi lake lilichapisha matokeo kuhusu mawasiliano kati ya kocha mkuu na watabibu. Klabu ambazo watu hao wawili hawaelewani zilikuwa na mzigo mkubwa zaidi wa majeraha, na wachezaji wachache zaidi waliopatikana kwa mazoezi na mechi. Klabu zile zote zina MRI, zina mabwawa ya mazoezi, zina wapishi. Bado tofauti ilionekana kwenye kuongea. Kwa maneno mengine, pale ambapo watu wa klabu hawaambizani ukweli, mzigo wa majeraha huwa mkubwa zaidi. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wapo watakaosema kutangaza jeraha kunampa mpinzani silaha na kuvunja siri ya mgonjwa. Hoja ya pili ni nzito na lazima iheshimiwe. Mchezaji ana haki ya kutaka maelezo ya mwili wake yasizagae mitaani. Lakini hakuna anayedai picha za hospitali. Kusema "ameumia goti, amepimwa na daktari, hatacheza kabla ya Oktoba" kunatosha, na mchezaji mwenyewe anaweza kuulizwa kama anakubali kitangazwe. Hoja ya kumnyima mpinzani silaha ndiyo dhaifu. Mpinzani ana binamu mjini na ataambiwa hata hivyo. Katika nchi ambayo nusu ya mazungumzo ya Jumamosi ni ya mikeka ya kubeti, siri hiyo ina wanunuzi wengine pia. Ligi ya mpira wa miguu ya Kimarekani, NFL, huzilazimisha timu kutangaza majeruhi wao kila wiki, na sababu kubwa ni kwamba taarifa inayojulikana na wachache huvuta watu wa kamari. Jeraha linalofichwa haliachi kuwa habari. Linakuwa habari ya kuuzwa.

Maswali ya kupeleka mkutanoni

Gor Mahia ni klabu ya wanachama, na timu nyingi ndogo za Homa Bay na Migori huishi kwa michango ya jamii, ya wafanyabiashara wa mjini na ya wanasiasa. Maana yake ni kwamba shabiki wa huku ana mlango ambao shabiki wa klabu ya bilionea hana. Anaweza kusimama kwenye mkutano wa mwaka akauliza. Mara nyingi tunasimama kuuliza kuhusu usajili na jezi. Mkutano ujao tuanze na maswali manne.

La kwanza: kila mchezaji ana mkataba ulioandikwa, na nakala anayo yeye mwenyewe? Bila jibu la ndiyo hapa, mengine yote ni mapambo.

La pili: bima ya majeraha ya kazini imelipwa hadi tarehe gani? Mwenyekiti asiseme "tunashughulikia". Bima ina karatasi na karatasi ina tarehe.

La tatu: ni nani, kwa jina, mwenye kauli ya mwisho kwamba mchezaji arudi uwanjani? Timu isiyoweza kumlipa daktari wa kudumu inaweza kuafikiana na afisa wa kliniki au mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali ya karibu ahudhurie mechi za nyumbani na kumpima kila aliyeumia. Sharti ni moja tu: akisema hapana, kocha hana rufaa.

La nne: kwa nini mazoezi hayaanzi na dakika 20 za 11+? Swali hili litawachekesha wengine mkutanoni. Wacheke, kisha wajibu, kwa sababu ndilo pekee kati ya manne ambalo mwenyekiti hawezi kulijibu kwa kusema hakuna pesa.

Na kwa upande wetu wa jukwaani kuna ada yetu ya kulipa. Siku uongozi utakapotangaza kwamba mshambuliaji wetu bora hachezi debi kwa sababu goti lake linahitaji wiki sita zaidi, tusiimbe jina lake kumtaka aingie, na tukifungwa siku hiyo tusimtukane aliyemzuia. Hasira yetu itakuwa na haki ya kusikilizwa siku tutakapoweza kufungwa bao moja kwa sababu hiyo, tukarudi Jumapili inayofuata na kununua tiketi.